Nusu Mbili za Wimbo Mmoja: Historia ya "Without You"

Park Avenue namba 7, katika kitongoji cha Golders Green kaskazini mwa London, ilikuwa nyumba ya kupanga. Aliyeipanga ni meneja wa makamo aitwaye Bill Collins, na waliokaa humo walikuwa vijana wa bendi yake, The Iveys. Pete Ham, mpiga gitaa mpole mwenye sauti safi, alitoka Swansea, mji wa bandari wa Wales. Mpiga drami, Mike Gibbins, alikuwa wa mji huohuo. Tom Evans aliletwa kutoka Liverpool mwaka 1967. Waliishi pamoja, wakala pamoja, na humo ndani walikuwa na mashine ya kanda ambayo kila mmoja aliitumia kurekodi nyimbo zake kwa zamu. Kwa wanamuziki wasio na fedha, ile nyumba ilikuwa chuo na kiwanda kwa wakati mmoja. Humo ndimo Ham na Evans walimoanza kuunganisha vipande vyao vya nyimbo, na muungano mmoja kati ya hiyo ukazaa balada ya roki iliyokuja kuimbwa na wasanii wengi kuliko wanaoweza kuhesabika kwa urahisi.

Bahati yao ya kwanza ililetwa na Mal Evans, msaidizi wa karibu wa Beatles, ambaye hakuwa na undugu wowote na Tom. Aliwasikiliza, akawapenda, akawa anapeleka kanda zao kwa mabosi wake tena na tena. Mwaka 1968 The Iveys wakawa bendi ya kwanza kusainiwa na Apple, kampuni ya kurekodi ya Beatles wenyewe. Mwaka uliofuata Paul McCartney akawapa wimbo wake, "Come and Get It", na kuwaelekeza waupige vilevile alivyokuwa ameupiga yeye kwenye kanda ya majaribio. Evans akauimba. Ukapanda hadi kumi bora Uingereza na Marekani. Kufikia hapo walikuwa wamebadili jina na kuitwa Badfinger, mpiga besi wao wa kwanza, Ron Griffiths, alikuwa ameondoka, Evans akashika besi, na nafasi ya gitaa ikachukuliwa na Joey Molland, kijana mwingine wa Liverpool.

Kusainiwa na Apple kulikuwa heshima kubwa, na kulikuwa mzigo pia. Magazeti yaliwaita watoto wa Beatles. Kila walichokitoa kilipimwa kwa mizani ya bendi ambayo hakuna mtu duniani angeweza kushindana nayo, na wengi walidhani kwamba hata nyimbo zao bora ziliandikwa na McCartney gizani. Dhana hiyo, kama itakavyoonekana, ndiyo iliyoifikisha "Without You" mahali ambapo Badfinger peke yao wasingeifikisha.

Wimbo wenyewe ulizaliwa na upungufu wa watu wawili. Ham alikuwa na wimbo alioupa jina la "If It's Love". Jioni moja alikuwa amemwahidi mpenzi wake kwamba hakuna kazi leo, watatoka pamoja. Kabla hawajatoka, Evans akatokea na jambo la kufanya studio. Mpenzi wa Ham akamwambia aende tu, hana neno. Ham akamtazama usoni, akaona kwamba maneno yanasema hivi na macho yanasema vile. Akaandika beti kuhusu uso ule, kuhusu mtu anayeondoka na huzuni ambayo mwenzake anaificha. Beti zilikuwa nzuri. Kibwagizo chake kilikuwa dhaifu, na Ham mwenyewe hakuridhika nacho.

Evans naye alikuwa na shida iliyo kinyume. Mpenzi wake, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe, alikuwa amemwacha na kwenda Ujerumani, naye akamfuata hadi Bonn kumtafuta. Katika majonzi yale alitunga kibwagizo cha mtu anayekiri kwamba maisha bila yule aliyeondoka hayabebeki kabisa. Kibwagizo kilikuwa na nguvu ya ajabu, kinapanda ghafla kama kilio kilichozuiwa muda mrefu. Lakini hakikuwa na beti za kukitangulia. Walipokaa pamoja, wakatoa kibwagizo cha Ham na kuweka cha Evans. Ndiyo maana wimbo huu una nafsi mbili: beti zinasemwa na mtu anayeondoka huku akijilaumu, kibwagizo kinaliliwa na mtu aliyeachwa. Wasikilizaji wengi hawaugundui mshono huo, na pengine ndio unaoupa wimbo uzito wake, kwa kuwa katika msiba wa mapenzi mtu mmoja huweza kuwa yote mawili ndani ya usiku mmoja.

Waliurekodi mwaka 1970 chini ya Geoff Emerick, fundi mitambo aliyewahi kurekodi Beatles, na ukatoka Novemba mwaka huo katika albamu ya No Dice. Uliwekwa mwisho wa upande wa kwanza wa santuri, baada ya "No Matter What", ambayo ndiyo iliyochaguliwa kuwa singo na kufanya vizuri sokoni. "Without You" haukutolewa kama singo Uingereza wala Marekani. Ukiusikiliza leo unaelewa kwa nini. Ham anaziimba beti kwa utulivu wa mtu anayezungumza na jirani, kinanda kinanguruma nyuma, magitaa yanakwaruza, na kibwagizo kinapofika kinaimbwa kwa pamoja, kwa adabu. Ni kazi ya bendi iliyokuwa na wimbo mkubwa mikononi bila kutambua ukubwa wake. Mwandishi huyu anaupenda ule upole, lakini ni kweli kwamba mlango uliachwa nusu wazi, na mtu mwingine akausukuma.

Mtu huyo alikuwa Harry Nilsson, Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1941. Baba yake aliitelekeza familia Harry akiwa mtoto mdogo, jambo alilolirudia katika tungo zake mwenyewe. Kabla ya muziki kumlisha alifanya kazi ya kompyuta katika benki huko California, zamu ya usiku, na mchana akitunga. Mwaka 1968, John Lennon na McCartney walipoulizwa na waandishi wa habari wa Marekani ni msanii gani wa nchi hiyo wanampenda, walimtaja yeye. Safari ya Nilsson ilikuwa na mkasa wake wa kipekee. Alikuwa mtunzi wa daraja la juu, na nyimbo zake zilipata umaarufu zikiimbwa na wengine: "One" ilipandishwa na Three Dog Night mwaka 1969. Yeye mwenyewe alifahamika kwa sauti kupitia "Everybody's Talkin'", wimbo uliotungwa na Fred Neil na kutumika katika filamu ya Midnight Cowboy.

Siku moja, kwenye tafrija huko Los Angeles, Nilsson alisikia wimbo ukipigwa na akaamini kabisa kwamba ni wa Beatles. Baadaye alizitafuta santuri za Beatles moja baada ya nyingine asiuone. Alipogundua kwamba wenyewe ni Badfinger, alikuwa tayari ameamua kuuimba. Mtayarishaji wake, Richard Perry, akauona mara moja kuwa ni wimbo wa kupeleka mbali. Nilsson alitaka uwe mwembamba, sauti na piano tu. Perry alitaka mawimbi: ngoma nzito nyuma ya balada ya taratibu, na okestra ya nyuzi inayojaa kadiri wimbo unavyopanda. Wakabishana. Perry akashinda.

Kazi ilifanyika London mwaka 1971, katika studio za Trident. Gary Wright alipiga piano, Klaus Voormann besi, Jim Keltner drami, na Paul Buckmaster akaandika sehemu za nyuzi. Mwanzo unasikika piano na sauti ya Nilsson, chini, karibu na sikio. Kibwagizo cha kwanza anakiimba kwa kujizuia. Kinapokuja tena, anaipandisha sauti hadi inakaribia kupasuka, na hapo ndipo kilio cha Tom Evans kilipopata koo la kukitoa. Wapo wanaosema Nilsson alizidisha. Hapana. Kibwagizo kile kiliandikwa na mtu aliyekuwa anazama, na Nilsson alikuwa wa kwanza kukiimba kwa sauti ya mtu anayezama.

Wimbo ulitoka katika albamu ya Nilsson Schmilsson, Novemba 1971, na pia kama singo. Februari 1972 ukafika namba moja Marekani na kukaa wiki nne. Mwezi uliofuata ukafika namba moja Uingereza na kukaa wiki tano. Nilsson alipata tuzo ya Grammy mwaka 1973 kwa uimbaji wake. Ham na Evans, kama watunzi, walipewa tuzo ya Ivor Novello, ile ambayo watunzi wa Uingereza huithamini kuliko nyingi. Kwa hesabu ya kawaida ya biashara ya muziki, vijana wawili wa Golders Green walipaswa sasa kuwa matajiri.

Hapa inafaa kueleza jinsi fedha hizo zinavyotembea, maana ndiko mkasa uliko. Wimbo mmoja una mali mbili. Ya kwanza ni ile rekodi, na ya pili ni utunzi. Msanii mwingine anapourekodi upya, rekodi ni yake na kampuni yake, lakini mirabaha ya utunzi inarudi kwa waliouandika, kwa kila santuri inayouzwa na kila mara redio inapoupiga. Tena huko Marekani redio za kawaida za AM na FM hazimlipi mwimbaji kabisa kwa kupiga rekodi yake. Zinamlipa mtunzi. Kwa hiyo kila mara Nilsson aliposikika kutoka New York hadi California, senti zilikuwa zikiandikwa kwa majina ya Ham na Evans.

Senti hizo ziliingia kwenye mfuko ambao funguo zake hawakuwa nazo. Mwaka 1970 Badfinger walikuwa wamesaini na mfanyabiashara wa New York, Stan Polley, awasimamie fedha. Ikaundwa kampuni iitwayo Badfinger Enterprises. Mapato yote yakaelekezwa huko, ya maonyesho, ya santuri na ya utunzi, na wanabendi wakawa wanalipwa mshahara kama waajiriwa. Waliambiwa kwamba mpango huo unawalinda na kodi. Taarifa ya hesabu ya kuanzia Desemba 1970 hadi Oktoba 1971 inaonyesha Pete Ham alipata dola 5,959. Kamisheni ya usimamizi katika kipindi hichohicho ilikuwa dola 75,744. Ni mwaka huo ambao Badfinger walikuwa wakizunguka Marekani wakijaza kumbi, na Ham alisimama na George Harrison wa Beatles katika ukumbi wa Madison Square Garden tarehe 1 Agosti, kwenye tamasha la kuwachangia watu wa Bangladesh, wakapiga magitaa wawili peke yao mbele ya maelfu ya watu.

Wengine walimwonya Ham. Yeye alimwamini Polley kuliko wenzake walivyomwamini, na watu waliomfahamu wanakubaliana juu ya tabia yake: hakuwa mtu wa kushuku. Nyimbo ziliendelea kumjia. "Day After Day" ilitoka mwaka 1971 chini ya utayarishaji wa Harrison na kufika namba nne Marekani. "Baby Blue" ikafuata. Apple, hata hivyo, ilikuwa inavunjika pamoja na Beatles, na Polley akawahamishia Badfinger kwa Warner Brothers kwa mkataba uliotangazwa kuwa na thamani ya dola milioni 3. Mkataba huo uliwataka watoe albamu kwa kasi ambayo haikuwaachia hata nafasi ya kupumua. Mwaka 1974 walitoa mbili. Ya pili, Wish You Were Here, ilirekodiwa katika milima ya Colorado, na wachambuzi wengi wanaihesabu kati ya kazi zao bora kabisa.

Haikudumu madukani. Kampuni ya Warner iligundua kwamba fedha zilizotakiwa kuwekwa kwenye akaunti ya amana hazionekani, na ikafungua kesi dhidi ya Polley. Albamu ikaondolewa sokoni mapema mwaka 1975. Badfinger walikuwa wamekwisha kurekodi nyingine, Head First, nayo ikafungiwa kabatini. Mishahara ikasimama. Ham alikuwa amenunua nyumba Surrey, na mpenzi wake alikuwa mjamzito. Alimpigia simu Polley mara nyingi asimpate.

Usiku wa tarehe 23 Aprili 1975 Ham alipata habari kwa simu kutoka Marekani kwamba fedha zote zimekwisha. Alikutana na Evans, wakanywa, na Evans akamrudisha nyumbani usiku wa manane. Asubuhi ya tarehe 24 alikutwa amejitoa uhai katika banda la gari alilokuwa analitumia kama studio. Aliacha barua fupi iliyomtaja Polley kwa jina na kumlaumu. Zilikuwa zimebaki siku tatu atimize miaka 28. Binti yake alizaliwa takriban mwezi mmoja baadaye.

Kifo hicho kiliwavunja wote, na kilimvunja Evans zaidi. Bendi ilitawanyika, yeye na Molland wakaishi kwa muda kwa kazi zilizo nje ya muziki, kisha wakarudi pamoja kama Badfinger na kutoa albamu mbili, mwaka 1979 na 1981. Halafu wakagombana, na kila mmoja akazunguka na bendi yake yenye jina lilelile. Wakati huo mirabaha ya "Without You" ilikuwa imezuiliwa katika mabishano ya kisheria: nani ana haki, watunzi wawili peke yao, au wanabendi wote na meneja wao wa zamani, Bill Collins, kwa makubaliano ya kugawana waliyoyafanya zamani? Mabishano hayo yalimfuata Evans hadi usiku wake wa mwisho, ambapo inaelezwa alikuwa amegombana kwa simu na Molland kuhusu fedha za wimbo huu. Tarehe 19 Novemba 1983 alikutwa bustanini kwake, Surrey, amejitoa uhai kama rafiki yake. Alikuwa na miaka 36. Watunzi wote wawili walikufa kabla ya kufaidi ipasavyo wimbo ambao ulikuwa umeshaitajirisha dunia nzima ya watu wasiowafahamu.

Nilsson naye hakusalimika. Baada ya rafiki yake John Lennon kuuawa kwa bunduki Desemba 1980, alitumia muda wake mwingi katika kampeni ya kudhibiti silaha nchini Marekani, na muziki akauweka kando. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akagundua kwamba msimamizi wake wa fedha alikuwa amemwibia karibu kila alichochuma, na yeye, baba wa watoto wengi, akalazimika kutangaza kufilisika. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 15 Januari 1994 akiwa na miaka 52.

Siku tisa baadaye, Mariah Carey akatoa "Without You" kama singo. Aliuchukua kutoka kwa Nilsson, mpangilio na mpandisho wake, na akausogeza mbali zaidi na gitaa la Badfinger. Uingereza uliingia namba moja moja kwa moja, ukashika nafasi hiyo Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya, na Marekani ukafika namba tatu. Hata Afrika Mashariki, wengi waliokua miaka ile waliujua kwa sauti yake, wakapiga simu redioni kuuomba kwa ajili ya wapenzi wao, na wakamaliza ujana wao wakiamini kwamba ni wake.

Haki ilikuja kwa mwendo wa kobe. Mwaka 1985 mahakama ilifungua njia ya kugawa mirabaha iliyokuwa imekwama, na familia za Ham na Evans zikaanza kupokea sehemu yao. Polley alishtakiwa California kwa ufujaji wa fedha katika biashara nyingine, na mwaka 1991 hakuyapinga mashtaka. Alifariki mwaka 2009. Kanda za nyumbani za Ham zilitolewa kama albamu, ya kwanza mwaka 1997, na Head First ikatoka kabatini mwaka 2000, robo karne baada ya kurekodiwa. Tarehe 27 Aprili 2013, siku ambayo Ham angetimiza miaka 66, mji wa Swansea ulimwekea kibao cha kumbukumbu karibu na stesheni yake ya reli, nacho kikafunuliwa na binti aliyezaliwa baada ya kifo chake. Septemba mwaka huohuo "Baby Blue" ilipigwa katika dakika za mwisho za tamthilia ya Breaking Bad, na kizazi kipya kikaanza kuuliza hawa Badfinger ni akina nani.

Huwa inasemwa kwamba wimbo huu una laana. Maneno hayo yanawapunguzia watu hatia. Pete Ham na Tom Evans hawakuuawa na wimbo. Walikuwa watu wenye huzuni zao, kama wengi walivyo, waliosaini karatasi wasizozielewa, wakanyimwa hesabu za jasho lao mwaka baada ya mwaka, hadi kila mmoja akabaki peke yake usiku na mzigo asioweza kuubeba. Karatasi zile zina tarehe na sahihi, na waliofaidika nazo walikuwa na majina.

Kwa hiyo, msomaji, utakapousikia tena kwa sauti ya Mariah Carey au ya Nilsson, itafute pia No Dice ya mwaka 1970, nenda kwenye wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza, na uwasikilize Ham na Evans wakiuimba wenyewe.